Mazungumzo ya Programu Mbili: Historia ya Lugha za Amri katika Kompyuta za Mezani na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya ubadilishanaji wa data baina ya programu mbili za kompyuta ya mezani kwa njia ya amri zilizoandikwa, kuanzia mwaka 1987 hadi 2018. Mifano mikuu inatoka katika mifumo ya Windows na Macintosh. Makala inaonyesha kwamba wahandisi waliounda njia hizo walikopa dhana za isimu, zikiwemo mazungumzo, kamusi, msamiati na lahaja, na kwamba mafanikio yao yalitegemea jambo moja: kutenganisha maana ya amri na jina la amri. Pale jina lilipofanywa kuwa ndiyo maana, mawasiliano yalikatika kila programu ilipotafsiriwa katika lugha nyingine. Pale maana ilipowekewa msimbo wake, majina yaliweza kubadilika bila ya kuvunja mazungumzo. Mwishoni, makala inaeleza funzo la historia hii kwa waundaji wa istilahi za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Tafiti nyingi kuhusu Kiswahili na kompyuta zimejikita katika maneno anayoyaona mtumiaji: menyu, vitufe, ujumbe wa makosa na majina ya vifaa. Mjadala juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi ni mfano unaofahamika. Hata hivyo, chini ya maneno hayo kuna lugha nyingine, ambayo programu moja huitumia kuiamuru nyingine. Mhasibu anapofungua barua na kukuta jumla ya mauzo imejiandika yenyewe kutoka kwenye lahajedwali, kuna amri iliyotumwa na kupokewa ambayo yeye hakuiona.

Amri kama hiyo inaweza kuandikwa na mtumiaji mwenyewe katika skripti, yaani msururu wa maagizo yanayotekelezwa moja baada ya jingine. Hoja kuu ya makala hii ni kwamba historia ya skripti hizo ni sehemu ya historia ya lugha. Maswali yaliyowakabili wahandisi ni yaleyale yanayowakabili wanaleksikografia: neno lina uhusiano gani na dhana, nani ana mamlaka ya kusanifisha msamiati, na nini hutokea matini yanapovuka mpaka wa lugha.

2.0 Kabla ya Mazungumzo: Binadamu kama Mjumbe

Kabla ya programu kuzungumza zenyewe, mjumbe alikuwa binadamu. Mbinu ya kukata, kunakili na kubandika, ambayo Larry Tesler na wenzake waliiendeleza katika maabara ya Xerox PARC katika miaka ya 1970, iliwafikia watumiaji wa kawaida kupitia kompyuta za Apple Lisa mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984. Mtumiaji aliteua data katika programu moja, akaihifadhi kwenye ubao wa kunakili, akafungua programu ya pili, kisha akaibandika. Njia hiyo ingali hai kwa sababu ni rahisi kujifunza.

Udhaifu wake ni kwamba kinachobandikwa ni picha ya wakati mmoja. Bei ikibadilika kwenye lahajedwali, barua haina habari. Aidha, kazi inayorudiwa mara mia inahitaji mkono wa binadamu mara mia, na kila mara ipo nafasi ya kukosea.

Katika kompyuta kubwa tatizo hilo lilikwisha kupata jibu. Mwaka 1973 mfumo wa Unix uliongezewa bomba, wazo la Doug McIlroy lililotekelezwa na Ken Thompson, ambalo lilipeleka matokeo ya programu moja moja kwa moja kwenye programu inayofuata. Bomba lilipitisha mfululizo wa herufi tu. Lilizifaa programu ndogo zinazoanza, kufanya kazi moja na kumaliza. Programu za mezani zilikuwa na tabia tofauti: zilikaa wazi siku nzima, zikiwa na madirisha, hati na vipengele ndani ya hati. Ili kuzifikia, ilihitajika njia ya kutaja kitu kilichomo ndani yake, kwa mfano seli fulani ya jedwali fulani. Kwa maneno mengine, ilihitajika lugha yenye nomino.

3.0 Mwaka 1987: Njia Tatu

Mwaka 1987 ulileta majaribio matatu yaliyofanywa mbalimbali. Apple ilitoa HyperCard, kazi ya Bill Atkinson, ikiwa na lugha ya HyperTalk iliyoandikwa kwa sentensi zinazofanana na Kiingereza. HyperTalk haikukusudiwa hasa kuunganisha programu tofauti, lakini iliwazoesha watu wasio wahandisi kuandika amri zao wenyewe. Kwenye kompyuta za Amiga, William Hawes alitoa ARexx, iliyotokana na lugha ya Rexx ya Mike Cowlishaw wa IBM. Hapo kila programu ilifungua mlango wenye jina, na skripti ikaelekeza amri zake kwenye mlango inaoutaka.

Jaribio la tatu, ambalo lilienea zaidi, lilikuja na Windows 2.0 mwishoni mwa mwaka huo. Liliitwa Dynamic Data Exchange, au DDE kwa ufupi. Waundaji wake waliuita uhusiano wa programu mbili mazungumzo, nayo istilahi hiyo haikuwa pambo. Mazungumzo ya DDE yalikuwa na mwanzo, mada na mwisho. Programu iliyoomba ilimtaja kwanza msemaji wa upande wa pili, kwa mfano Excel. Kisha ilitaja mada, ambayo kwa kawaida ilikuwa jina la faili. Hatimaye ilitaja kipengele kinachotakiwa ndani ya mada hiyo, kwa mfano seli moja. Baada ya hapo iliweza kuomba data, kupeleka data, kuamuru kitendo, na kufunga mazungumzo.

DDE iliruhusu pia viungo vya kudumu vya aina tatu. Katika kiungo baridi, programu ilipata data pale tu ilipoiomba. Katika kiungo vuguvugu, iliarifiwa kwamba data imebadilika, ikaachiwa uamuzi wa kuiomba. Katika kiungo moto, kila badiliko lilipelekwa papo hapo. Barua iliyounganishwa na lahajedwali kwa kiungo moto haikuwa tena picha ya jana.

Hata hivyo, DDE ilificha kasoro ya kilugha. Vipengele vilitajwa kwa majina ambayo programu iliyapenda, na majina hayo yalifuata lugha ya toleo lililonunuliwa. Excel ya Kiingereza iliitambua seli ya kwanza kwa alama R1C1, yaani safu mlalo ya 1 na safu wima ya 1 kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Excel ya Kijerumani iliiita Z1S1, kwa kufuata maneno Zeile na Spalte. Ile ya Kifaransa iliiita L1C1. Skripti iliyoandikwa London ikiomba R1C1 haikuweza kupata jibu katika ofisi ya Berlin, ingawa seli ilikuwa ileile, kwenye programu ileile. Jina lilifanywa kuwa ndiyo maana, na jina lilipobadilika, maana ilipotea.

4.0 AppleScript: Kamusi, Msimbo na Lahaja

Jibu la Apple lilianzia mahali tofauti. Mfumo endeshi wa System 7, uliotolewa Mei 1991, ulileta ujumbe ulioitwa Apple event. Kila ujumbe ulitambulishwa kwa misimbo miwili yenye herufi nne kila mmoja: wa kwanza ulitaja kundi la amri, wa pili amri yenyewe. Amri ya kuleta data, kwa mfano, iliandikwa core na getd. Ile ya kuweka data, core na setd. Misimbo hiyo ilitokana na Kiingereza, lakini haikukusudiwa kusomwa na mtumiaji. Ilikuwa namba zilizovaa sura ya herufi ili wahandisi wazikumbuke.

Juu ya misimbo hiyo iliwekwa kamusi. Kila programu iliyotaka kuamrishwa ilibeba ndani yake orodha iliyoambatanisha kila msimbo na jina, pamoja na maelezo mafupi. Lugha ya AppleScript, iliyotolewa mwaka 1993, ilisoma kamusi ya kila programu na kumwezesha mwandishi kutumia majina badala ya misimbo. Ili programu zinazofanana zisitofautiane ovyo, Apple ilichapisha masjala ya misamiati ya msingi: amri za jumla, za matini, za majedwali na kadhalika. Mtafiti wa historia ya Kiswahili sanifu ataitambua kazi hiyo. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1930, ilikabiliwa na swali la aina hiyo: ni msamiati upi utakaokubaliwa na wote, na ni upi utakaoachiwa kila mahali.

Muundo huo ulizaa matumizi makubwa, hasa katika uchapishaji. Nyumba za magazeti na waandaaji wa katalogi waliandika skripti zilizochota bei na maelezo kutoka kwenye hifadhidata ya FileMaker na kuyapanga kwenye kurasa za QuarkXPress. Kiini cha skripti ya namna hiyo, kikielezwa kwa Kiswahili, ni agizo kama hili: mwambie mtunza data alete jina na bei ya kila bidhaa iliyo katika kundi fulani, kisha mwambie mpanga kurasa aziweke katika kisanduku fulani.

Namna agizo hilo lilivyosafiri inastahili kuangaliwa. Katika System 7, kupokezana zamu baina ya programu mbili kulichukua muda. Kuuliza bei ya bidhaa moja moja kungefanya bidhaa 1,000 zihitaji maswali 1,000, na kila swali lingengoja zamu yake. Kwa hiyo wasanifu waliruhusu kirai kizima, pamoja na masharti yake, kifungashwe katika ujumbe mmoja. Programu iliyopokea ndiyo iliyokichambua na kurudisha orodha. Kwa mtazamo wa kisarufi, kirai nomino changamano chenye kishazi rejeshi kilisafiri kikiwa kizima, nacho kilipunguza gharama ya mawasiliano kwa kiasi kikubwa.

Kwa kuwa maana ilikaa katika misimbo, ikawezekana skripti moja kuonyeshwa kwa zaidi ya lugha moja. AppleScript ya mwanzo ilikuwa na lahaja tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kijapani. Skripti iliyoandikwa kwa Kiingereza iligeuzwa kuwa misimbo, kisha misimbo hiyo ikaweza kusomwa kwa Kijapani, kitenzi kikiwa mwishoni mwa sentensi kama sarufi ya lugha hiyo inavyotaka. Muundo wa kamusi ulitenga hata alama za jinsi ya kiume, jinsi ya kike na wingi.

Alama hizo zinaonyesha mpaka wa wazo lenyewe. Jinsi mbili na wingi hazitoshelezi lugha ya ngeli. Kwa Kiswahili, kirai chenye maana ya «cha kwanza» hubadilika kwa kufuata nomino: neno la kwanza, herufi ya kwanza, kitufe cha kwanza, mstari wa kwanza, maneno ya kwanza. Lahaja ya Kiswahili ingehitaji kila nomino katika kamusi ya kila programu ibebe ngeli yake, na kichanganuzi kijue kupatanisha viunganifu, vionyeshi na virejeshi. Jambo hilo lingewezekana, lakini halikuwa na mahali pake katika muundo uliokuwapo.

Baadaye lahaja za Kifaransa na Kijapani ziliachwa, ikabaki ya Kiingereza peke yake. William Cook, mmoja wa wasanifu wa AppleScript, alieleza historia yake katika mkutano wa historia ya lugha za programu mwaka 2007. Lawama iliyoifuata lugha hiyo kwa miaka mingi ni kwamba ni rahisi kuisoma lakini ni vigumu kuiandika. Kwa kuwa inafanana na Kiingereza, mwandishi hudhani kwamba sentensi yoyote ya Kiingereza itakubaliwa. Ukweli ni kwamba inakubali sentensi chache tu, na zile zinazokubaliwa hutegemea kamusi ya programu husika. Mfanano na lugha ya binadamu ulimkaribisha mgeni mlangoni, lakini haukumwonyesha njia ndani ya nyumba.

5.0 Amri kwa Kijerumani

Microsoft nayo ilijaribu kuzitafsiri amri zenyewe. Excel 5, iliyotolewa mwaka 1993, ilikuja na Visual Basic for Applications, lugha ambayo ilikuwa njia kuu ya kuunganisha programu za ofisi katika Windows na kuchukua nafasi ya DDE katika kazi nyingi. Katika toleo la Kijerumani, maneno ya lugha hiyo yaliandikwa kwa Kijerumani. Sharti lilianza na Wenn na kuendelea na Dann, badala ya If na Then.

Nia ilikuwa njema, na tunda lake lilikuwa upweke. Ofisi ya kimataifa ilijikuta na skripti ambazo wafanyakazi wake wa nchi tofauti hawakuweza kusomeana. Kuanzia Excel 97, maneno ya lugha ya amri yalirudishwa katika Kiingereza kwa watumiaji wote.

Hata hivyo, upande mmoja wa Excel ulibaki na lugha nyingi hadi leo bila ya matatizo hayo. Mtumiaji wa Kijerumani anayejumlisha seli huandika SUMME, wa Kifaransa SOMME, wa Kiingereza SUM. Faili likihama kutoka Paris kwenda Berlin, kila mmoja huona neno la lugha yake, na jumla haibadiliki. Sababu ni kwamba faili halihifadhi neno alilolichapa mtumiaji. Katika mafaili ya zamani kilichohifadhiwa ni namba ya fomula. Katika mapya, jina moja lisilobadilika. Neno linaloonekana huwekwa wakati wa kuonyeshwa. Kampuni moja, katika programu moja, ilishindwa ilipotafsiri maana pamoja na jina, na ikafaulu ilipotafsiri jina peke yake.

6.0 Nani Anazungumza?

Mazungumzo ya binadamu yana sharti ambalo wahandisi hawakulipa uzito mwanzoni: anayeamrishwa hutaka kumjua anayeamuru. Katika programu za mezani za miaka ya 1990, amri iliyokuwa sahihi kisarufi ilitekelezwa bila ya kuulizwa imetoka kwa nani.

Machi 1999, virusi vilivyoitwa Melissa vilionyesha gharama ya uaminifu huo. Skripti iliyofichwa katika hati ya Word iliiamuru Outlook itume hati hiyo kwa anwani 50 za kwanza katika kitabu cha anwani cha mwathirika. Mei 2000, virusi vya ILOVEYOU vilitumia njia inayokaribiana na hiyo, vikajituma kwa anwani zote. Hakuna kilichovunjwa kiufundi. Programu moja iliiomba nyingine data, kisha ikaiagiza itende, kama zilivyoundwa kufanya.

Marekebisho yalichukua miaka mingi. Mwaka 2017 wahalifu walitumia DDE, ikiwa na umri wa miaka 30, kuendesha amri kupitia hati za Word, na Desemba ya mwaka huo Microsoft iliifunga katika Word, isifanye kazi mpaka mtumiaji aifungue mwenyewe. Mwaka 2018 macOS Mojave ilianza kumwuliza mtumiaji kabla ya programu moja kuruhusiwa kuiamuru nyingine. Ndivyo binadamu aliyeondolewa kwenye kazi ya ujumbe alivyorudishwa, safari hii akiwa bawabu.

7.0 Kiswahili: Menyu na Msimbo

Kiswahili kiliingia katika historia hii kupitia tafsiri ya kiolesura. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na katika kipindi hichohicho Microsoft ilitayarisha vifurushi vya Kiswahili kwa ajili ya Windows na Office. Kazi hizo zilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba msamiati wa ofisi ya kisasa. Zilitafsiri kile anachokisoma mtu, na lugha ya amri ikabaki ilivyokuwa.

Kutokana na historia iliyoelezwa, ubaki huo haupaswi kuhesabiwa kuwa ni upungufu. Hatari iko kwingine. Baadhi ya skripti hazitumi ujumbe wenye msimbo, bali huigiza vidole vya mtumiaji: hubonyeza vitufe au huchagua kipengele cha menyu kwa jina linaloonekana. Skripti inayofungua menyu ya faili kwa kubonyeza Alt na F hufanya kazi katika Windows ya Kiingereza, lakini hushindwa katika ile ya Kijerumani ambako menyu hiyo huitwa Datei. Ofisi ya Nairobi au Kampala ikihamia kwenye menyu za Kiswahili ilhali skripti zake zimeandikwa kwa mtindo huo, kazi zitakwama. Lawama itakiangukia Kiswahili, na watumiaji watarudi kwenye Kiingereza wakiamini kwamba lugha yao haifai kwa kompyuta, ilhali kosa limo katika skripti iliyotegemea jina mahali palipohitaji msimbo.

Inaweza kudaiwa kwamba mtoto anayejifunza programu kwa mara ya kwanza angenufaika na amri za Kiswahili. Dai hilo lina nguvu katika darasa la awali, ambako lengo ni kuelewa dhana ya sharti au marudio. Lakini uzoefu wa Excel 5 unaonya kwamba skripti inayotakiwa kuvuka mipaka ya ofisi na nchi haiwezi kutegemea maneno ya lugha moja yaliyogandishwa ndani yake. Njia iliyo salama ni ile ya fomula za Excel: maana moja chini, majina mengi juu.

Njia hiyo inagusa moja kwa moja kazi ya istilahi. Kompyuta, tarakilishi na ngamizi yamejadiliwa kwa muda mrefu kana kwamba lazima moja liyafute mengine. Katika hifadhidata ya istilahi iliyopangwa kwa dhana, kila dhana ikiwa na msimbo wake, majina yote matatu yanaweza kuandikwa chini ya msimbo mmoja, kila moja na eneo lake la matumizi. Kamusi za Dar es Salaam, Nairobi, Bujumbura na Bukavu zingeweza kubadilishana data bila ya kusubiri makubaliano ya jina. Katika kila ingizo panahitajika pia nafasi ya ngeli na ya umbo la wingi, ili programu inayounda sentensi iweze kupatanisha viunganifu. Nafasi hiyo ikikosekana mwanzoni, kuiongeza baadaye huwa kazi kubwa.

8.0 Hitimisho

Mwaka 2014 Apple iliruhusu lugha ya JavaScript itumike kuandika skripti za mezani sambamba na AppleScript. Programu hazikuhitaji kuandikwa upya, kwa sababu ujumbe uliopita chini ulikuwa bado Apple event, yenye misimbo ya herufi nne iliyowekwa mwaka 1991. Lahaja za Kifaransa na Kijapani zilikwisha kuondoka, na sentensi za mfano wa Kiingereza zilipata mshindani, lakini mkataba wa maana ulidumu.

Makala hii imeonyesha kwamba ubadilishanaji wa data ulidumu pale ambapo dhana ilipewa utambulisho usiotegemea jina lake, na ulikatika pale ambapo jina la lugha moja lilitwikwa kazi hiyo. Kwa waundaji wa istilahi za Kiswahili, hatua ya kwanza ni kuorodhesha dhana na kuzipa misimbo ya pamoja katika nchi zote zinazotumia lugha hii, na kuandika ngeli ya kila nomino tangu mwanzo. Mjadala wa majina unaweza kuendelea juu ya msingi huo, hata ukichukua miaka, bila ya kuzizuia kamusi na programu zetu kusikilizana.